Tawi la Kusini

Novemba, Kanazawa. Mvua haina habari ya kukatika,
na Bwana Inukai, jirani wa ukuta kwa ukuta,
amekuja tena, kiatu mkononi
kama mtu aletaye kielelezo mahakamani.
"Matunda ya mti wako," asema, "yananuka matapishi."

Bi Kuwabara Fumie anakitazama kiatu.
Miaka thelathini na minne alikaa chuoni,
katika chumba cha mimea mikavu,
akishona vijiti kwenye karatasi kwa uzi mweupe,
akiandika kwa wino usiochuja:
jina, mahali, tarehe, aliyechuma.
Si mtu wa ugomvi. Lakini neno ni neno.
"Si tunda," asema. "Ni mbegu."

"Inanuka."

"Kunuka inanuka. Ila tunda ni nyumba.
Ua hujenga kwanza, ndipo mbegu ilale ndani,
mlango umefungwa. Maharage, tikiti,
hata mpunga wa wali wako wa asubuhi,
hao wote ni watoto wa ndani.
Ginko haukujenga. Ni wa kabla ya maua.
Mbegu yake huzaliwa nje, uchi, mvua ikiitazama,
na hicho ulichokanyaga ni koti lake tu."

Inukai anasugua soli kwenye nyasi.
Koti au nyumba, soli haijali.

Shinani, kwenye waya, kuna kibati cha lebo:
GINKO. DUME.
Takichi aliununua mwaka waliooana.
Muuzaji alimwapia: dume, hautanuka milele.
Na kila masika haukutoa ila vumbi la njano
lililotua kwenye nguo zilizoanikwa,
akalikung'uta Fumie, akalikung'uta,
hata Takichi alipokwisha kupelekwa mlimani
kwenye makaburi, huu mwaka wa sita.

Alfajiri anapanda ngazi, glavu mbili mbili.
Tawi moja. La kusini, lililo juu ya ukuta.
Mengine yote dume kama lebo isemavyo,
na hili limezaa.
Chavua ilitoka wapi? Mtaani hamna ginko mwingine.
Pengine ilishuka kutoka tawi la juu yake,
pua na mdomo.
Anachuma. Moja ni mbegu, ndoo nzima ni mbegu,
neno halitaki kujua zimekuwa ngapi.

Anaikumbuka droo.
Misonobari ilijaza kabati tatu, ikisukumana,
shangazi, binamu, mashemeji wa milima ya mbali.
Droo ya ginko ilifunguka kwa kidole.
Spishi moja. Jenasi moja. Familia moja. Oda moja.
Panda ukoo wake chumba kwa chumba,
bisha hodi kila mlango:
anayefungua ni yeye yule.
Jamaa zake waliosalia ni alama za majani kwenye mawe.
Alipoajiriwa, droo ile ilimtia huzuni.
Baadaye alikuwa akiweka humo chakula chake cha mchana.

Kanuni ya chumba kile ilikuwa moja:
lebo ya zamani haifutwi.
Aliyekosea alikosea kwa mkono wake, na uonekane.
Wewe bandika yako chini, tia tarehe, tia jina.
Basi anakata kibati kutoka kopo la chai,
anakwaruza kwa msumari:
Isipokuwa tawi la kusini. Kuanzia mwaka huu. F.K.
Msumari unateleza kwenye herufi ya mwisho.
Anaacha hivyo.

Jioni anaosha, anaanika, anapasua maganda,
anakaanga kwenye chumvi mpaka kiini
kinakuwa kijani cha kung'aa, rangi isiyotarajiwa
kutoka kwenye uvundo ule.
Anazunguka ukuta na kisahani.

Inukai amevaa ndala. Anavitazama viini
kama anayesubiri kusomewa hati.
"Na hizi," auliza, "dume au jike?"

"Hizi ni za moto," asema Fumie. "Puliza."